Kuhifadhi Nakala ya Pochi ya Sarafu Mtandao kwa Usalama

Pochi ya sarafu mtandao haina sarafu ndani yake. Sarafu zenyewe, ziwe Bitcoin au nyingine, ni maandishi katika daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani. Kinachokaa kwenye simu au kwenye kifaa cha pochi ni ufunguo wa siri, yaani namba ndefu inayompa mwenye nayo uwezo wa kuzihamisha. Ndiyo maana simu ikizama majini sarafu hazizami nayo: zinabaki palepale daftarini, na mwenye nakala ya ufunguo atazifikia kwa simu nyingine. Asiye na ufunguo hazipati tena, hata akileta risiti, kitambulisho na mashahidi.

Jambo hili huwa gumu kuzoeleka kwa watu waliokulia na M-Pesa. Laini ya simu ikipotea, mteja huenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya simu, hupewa laini mpya yenye namba ileile, na salio lake hulikuta. Mtandao wa Bitcoin, ulioanza kazi Januari 2009, hauna duka wala huduma kwa wateja. James Howells wa Newport, Wales, alipoteza mwaka 2013 diski iliyokuwa na ufunguo wa bitcoin zipatazo 8,000. Ilitupwa na takataka ikaishia kwenye dampo la mji. Kwa miaka mingi aliomba ruhusa ya kulifukua, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi yake. Sarafu hizo bado zinaonekana daftarini na hakuna anayeweza kuzigusa.

Sarafu zilizoachwa kwenye soko la kubadilishia fedha ni suala tofauti, kwa kuwa huko ufunguo unashikwa na kampuni, na mteja ana akaunti tu. Kampuni ikianguka, kama ilivyoanguka Mt. Gox ya Tokyo mwaka 2014, mteja hujiunga na foleni ya wadai. Maelezo yanayofuata yanahusu pochi ambayo ufunguo wake uko mikononi mwa mwenyewe.

Maneno ya kurejeshea

Zamani nakala ilikuwa faili la kompyuta lililopaswa kunakiliwa upya mara kwa mara. Tangu mwaka 2013 pochi nyingi zimefuata utaratibu uitwao BIP39, ambao hugeuza siri yote ya pochi kuwa maneno 12 au 24 ya kawaida. Maneno hayo huchaguliwa na programu kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,048, na mpangilio wake ni sehemu ya siri. Anayeyajua kwa mpangilio sahihi ndiye mwenye mali. Hahitaji simu ya mwenye pochi wala namba ya siri ya kuifungulia.

Mtu asijichagulie maneno yake mwenyewe, wala asikubali kifaa kinachouzwa kikiwa na maneno yaliyokwisha kuandikwa kwenye kadi. Kadi ya namna hiyo imeandaliwa na tapeli, ambaye ana nakala yake na anasubiri fedha ziingie.

Kuandika bila kukosea

Orodha inayotumika zaidi ni ya Kiingereza; katika orodha rasmi za BIP39 hakuna ya Kiswahili. Kwa hiyo maneno yaandikwe kama yalivyo kwenye kioo, kwa herufi kubwa, kila moja na namba yake. Tahajia ni ya Kimarekani: orodha ina "color", "humor" na "labor", na aliyefundishwa shuleni kuongeza "u" asiyasahihishe. Hatari kubwa zaidi hutokea pale mmoja anaposoma kwa sauti na mwingine kuandika. Orodha ina "light" na "right", ina "load" na "road", ina "lamp" na "ramp", na kwa wazungumzaji wengi wa Afrika Mashariki ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi "l" na "r", jozi hizo husikika sawa. Anayeandika aangalie kioo kwa macho yake. Isitoshe, siri inayosomwa kwa sauti tayari imetoka.

Ndani ya maneno hayo kuna hesabu ya uhakiki inayogundua makosa mengi, ila si yote. Kwa maneno 12, neno moja likiandikwa badala ya jingine, kosa hupita bila kugunduliwa takriban mara moja katika kila mara 16. Pochi itafunguka vizuri kabisa, ikiwa tupu.

Karatasi ya kawaida na kalamu nzuri ya wino vinatosha kwa kuanzia. Karatasi ya risiti haifai, kwa sababu maandishi yake hufifia. Penye unyevu wa pwani, mchwa au mafuriko, karatasi ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji na ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa fedha nyingi, bamba la chuma cha pua ni bora: chuma hicho huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 1,300, ambalo moto wa nyumba kwa kawaida haulifikii, ilhali alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Herufi zigongwe na mwenye pochi mwenyewe, si fundi. Herufi nne za kwanza za kila neno zinatosha, kwani orodha imepangwa hivi kwamba hakuna maneno mawili yanayofanana katika herufi hizo.

Mahali pasipofaa

Maneno hayapigwi picha. Simu nyingi hupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, bila kumwuliza mtu. Mwaka 2025 watafiti wa kampuni ya Kaspersky walitangaza kugundua programu hasidi waliyoiita SparkCat, iliyojificha ndani ya programu zilizopatikana hata kwenye maduka rasmi ya Google na Apple. Kazi yake ilikuwa kusoma picha zilizomo simuni na kutafuta humo maneno ya kurejeshea. Kwa sababu hiyohiyo maneno hayatumwi kwa WhatsApp, hayawekwi kwenye barua pepe, na hayachapishwi kwenye duka la intaneti na fotokopi.

Nakala mbili katika majengo mawili tofauti ni mpango mzuri kwa watu wengi. Wengine hukata maneno 12 vipande viwili vya maneno sita sita na kuvificha mbalimbali. Njia hiyo haifai: kipande kimoja kikipotea mali yote imepotea, na kikiibwa, mwizi amerahisishiwa sana kazi. Nywila ya ziada inayoongezwa juu ya maneno nayo ni ya wazoefu. Ikikosewa hata herufi moja, pochi haitoi onyo. Hufungua pochi nyingine iliyo tupu.

Kujaribu nakala

Nakala isiyojaribiwa haihesabiwi kuwa nakala. Kabla ya kuweka fedha nyingi, mwenye pochi atume humo kiasi kidogo, aandike anwani ya kwanza ya kupokelea, kisha aifute pochi kabisa na kuirejesha kwa kusoma maneno kutoka kwenye karatasi. Anwani ileile ikitokea na kiasi kile kikionekana, nakala ni sahihi. Visipotokea, hasara ni ya kiasi kile kidogo tu. Jaribio lifanyike kwenye kifaa au programu ileile, kamwe si kwenye tovuti inayodai kuhakiki maneno.

Warithi

Siri iliyotunzwa vizuri mno huzikwa na mwenyewe. Familia ijue kwamba mali hiyo ipo, ni pochi ya aina gani, na nakala iko wapi. Maneno yenyewe yasiandikwe ndani ya wosia, maana wosia hupita mikononi mwa watu wengi. Wosia uelekeze mahali tu.

Maneno yakivuja

Mtu mwingine akiyaona maneno, kubadili namba ya siri ya simu hakusaidii kitu. Dawa ni kufungua pochi mpya yenye maneno mapya na kuhamishia sarafu zote huko mara moja, siku hiyohiyo. Sarafu zikishaibwa na muamala kuthibitishwa, hakuna kampuni wala benki inayoweza kuurudisha. Taarifa ipelekwe polisi pamoja na anwani zilizohusika. Baada ya wizi huja watu wanaojiita wataalamu wa kurejesha sarafu, wakitaka ada ya mbele au wakiomba maneno ya pochi nyingine ya mwathirika. Hao ni matapeli, wasilipwe na wasijibiwe.