KIOO CHA GARI KIKIPANDA POLEPOLE



Leo tujifunze juu ya vioo vya gari vinavyopanda na kushuka kwa umeme. Mafundi huviita pawa windo.

Land Rover za miaka ya 1960 zilikuwa na vioo vya kusukuma kwa mkono. Baadaye yakaja magari yaliyotumika Japani, kama Toyota Mark II za miaka ya 1990. Hayo unabonyeza swichi tu, mota ndogo ndani ya mlango inanyanyua kioo. Sasa magari hayo yamezeeka, lakini bado yanabeba abiria, mazao na wagonjwa wetu hapa Tarime na Serengeti.

Gari likizeeka, kioo huanza kujivuta. Mvua inanyesha, abiria wanalowa. Fundi mwenye haraka anasema, "Mota imekufa, leta nyingine." Mwenye gari anauza mbuzi, ananunua mota. Baada ya muda kioo kinajivuta tena. Kumbe kosa halikuwa la mota!

Mfano wa ng'ombe wa plau

Sisi wakulima tunajua jambo hili. Ng'ombe akivuta plau polepole, hatusemi mara moja kwamba amezeeka. Huenda udongo ni mgumu. Huenda ng'ombe ana njaa. Au kweli amezeeka. Mota ni ng'ombe, umeme ni chakula chake, na mipira inayoshika kioo ni udongo. Tuchunguze moja moja.

1. Je, vioo vyote vinajivuta, au kimoja tu?
Vyote vikijivuta, anza na chakula, yaani umeme. Kikijivuta kimoja, anza na mlango huo.

2. Washa injini, kisha jaribu tena.
Kioo kikipanda upesi zaidi injini ikiwaka, huenda betri ni dhaifu. Pima kwa mita ya umeme. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, ina volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, mita isome 13.5 mpaka 14.5 hivi. Angalia pia vichwa vya betri na waya unaofungwa kwenye bodi. Vikiwa na kutu au vimelegea, safisha na kaza.

3. Safisha mipira ya kioo.
Vumbi letu la kiangazi huingia humo na kugandamana. Mpira nao hukauka na kubana kioo. Shusha kioo. Funga kitambaa kwenye kijiti, chovya katika maji ya sabuni, sugua ndani ya mfereji wa mpira. Acha ukauke. Kisha pulizia dawa ya silikoni. Usipake oili, grisi wala mafuta ya taa! Hayo huharibu mpira na kushika vumbi zaidi. Mpira uliopasuka ubadilishwe.

4. Angalia swichi na waya.
Swichi ikipata moto ukiibonyeza, ndani kuna kutu au imeungua. Waya zinazopita kwenye bawaba za mlango hukatika pole pole, maana mlango hufunguliwa kila siku. Fundi apime umeme unaofika kwenye mota wakati kioo kinapanda. Ukifika mdogo kuliko wa betri kwa volti 2 au zaidi, ng'ombe ana njaa. Tafuta waya au swichi mbovu.

5. Mwisho kabisa, mota.
Fundi atenganishe kioo na mkono unaokinyanyua. Kioo kikiteleza vizuri kwa mkono, na umeme unafika wa kutosha, lakini mota bado inajivuta, hapo apake grisi mpya kwenye meno na mkono huo. Isiposaidia, ndipo ununue mota.

Hatari!

Baadhi ya milango ina springi yenye nguvu. Mota ikifunguliwa kabla ya kufunga mkono ule usicheze, springi huachia ghafla na inaweza kukata vidole. Kazi hiyo mwachie fundi anayeijua. Na watoto wasichezee swichi. Kioo kikishapona kina nguvu ya kubana shingo ya mtoto.

Basi ndugu, sabuni na kitambaa ni bei ndogo kuliko mbuzi. Fundi akikuambia "leta mota," usigombane naye. Mwulize tu: "Umepima umeme? Umesafisha mipira?" Mwenye kujua kuuliza haibiwi ovyo.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini tusipake oili kwenye mipira ya kioo?
2. Vioo vyote vikijivuta, tuanze kuchunguza nini?
3. Ni mambo gani yafanywe kabla ya kununua mota?