SOMO: KICHAA CHA MBWA

Ndugu, mbwa hulinda nyumba na kumsaidia mwindaji. Lakini uko ugonjwa mmoja wa mbwa unaoua watu. Ni kichaa cha mbwa.

1. Ugonjwa huu hutoka wapi?
Huletwa na kidudu kidogo mno, virusi, kinachokaa katika mate ya mbwa mgonjwa. Akikuuma, au akilamba kidonda chako, kidudu huingia mwilini. Hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi 2 au 3. Basi usiseme, “Kidonda kimepona, mimi ni mzima.”

2. Dalili zake ni nini?
Mbwa hugeuka tabia, huuma bila sababu, mate humtoka, halafu miguu hulegea, naye hufa. Mwingine hana ukali. Hunyamaza tu na kujificha.
Mtu huwashwa pale alipoumwa, hupata homa, na akitaka kunywa koo hukazwa, hata anaogopa maji. Wengine husema amelogwa. Hakulogwa, aliumwa na mbwa. Dalili zikiisha kuanza, hakuna dawa ya kumponya.

3. Tufanye nini?
Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15. Usiweke jiwe jeusi, wala majani, wala mafuta. Siku ile ile nenda hospitali upate sindano za chanjo, nawe uzimalize zote. Mtoto mchanga na mama mwenye mimba wapate vilevile. Mbwa mgonjwa asichinjwe wala kuliwa.
Wazazi, msimpige mtoto aliyeumwa, asije akaficha kidonda chake.

4. Je, chanjo inasaidia kweli?
Mwaka 1885, kule Ufaransa, Louis Pasteur aliamuru mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa, adungwe chanjo. Mtoto hakuugua. Mbwa nao wana chanjo yao. Wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Siku ya chanjo mpeleke mbwa wako, nawe utalinda mtoto wa jirani.

MAULIZO
1. Kwa nini tusingoje dalili?
2. Tuoshe kidonda kwa nini, na kwa muda gani?
3. Nani katika kijiji chenu ana mbwa asiyechanjwa?