Huenda na Lazima: Mbinu za Kujifunza Kufumbua Sudoku

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili akitajiwa tarakimu hukunja uso na kujitetea kuwa yeye ni mtu wa lugha, si wa hesabu. Makala haya yanadai kuwa utetezi huo hauna mashiko panapohusika Sudoku. Katika chemshabongo hii hamna kujumlisha wala kutoa. Tarakimu zingeweza kuondolewa, zikatiwa herufi tisa badala yake, na mchezo usiharibike hata chembe. Kinachohitajika ni kuwaza kwa mpangilio, na kuwaza huko huhitaji lugha.

Historia yake ni fupi. Inaaminika kuwa mbunifu wake ni Mmarekani Howard Garns, na ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1979. Kampuni ya Nikoli ya Japani iliichukua mwaka 1984 na kuipa jina tulijualo, nalo gazeti la The Times la London likaanza kuichapisha Novemba 2004. Jedwali lina vyumba 81 vilivyopangwa katika safu mlalo 9, safu wima 9 na visanduku 9. Kila safu na kila kisanduku sharti kiwe na tarakimu 1 hadi 9, pasi na kurudiwa. Chemshabongo iliyotungwa ipasavyo ina jawabu moja tu.

Hapa ndipo wanagenzi hukwama. Huona chumba kinachoikubali 4, wakaiandika, na baada ya robo saa wakakuta 4 mbili zikitazamana katika safu moja. Kosa hilo si la hesabu, ni la sarufi: wameichukua "huenda" wakaifanya "lazima". Chumba kuikubali 4 ni jambo moja. 4 kukosa mahali pengine pa kukaa ni jambo jingine kabisa. (Mwandishi wa makala haya alifuta hadi karatasi ikatoboka kabla ya kulielewa hilo.)

Mbinu ya kwanza basi ni kutoandika tarakimu yoyote kabla ya kuitamkia sababu yake kwa sentensi kamili. Tuchukue mfano. Katika visanduku vitatu vya juu, cha kushoto kina 7 katika safu mlalo ya kwanza, na cha kati kina 7 katika safu mlalo ya tatu. Ikiwa ni hivyo, 7 ya kisanduku cha kulia lazima iwe katika safu mlalo ya pili. Ikiwa katika safu hiyo kisanduku hicho kina vyumba viwili tu vilivyo wazi, na safu wima ya kimojawapo tayari ina 7 huko chini, basi 7 inakaa katika kile kingine. Hatukubahatisha popote.

Mbinu ya pili ni ya "ama". Tuseme vyumba viwili vya safu moja vinakubali 2 na 5 pekee. Hatujui kipi ni cha 2, lakini twajua kwamba hizo mbili zimekwisha kugawanywa humo. Hivyo zifutwe katika orodha ya vyumba vingine vyote vya safu hiyo. Mwanafunzi akiielewa hatua hii amepiga hatua kubwa, kwa kuwa amejifunza kupata yakini kutokana na jambo ambalo bado halijui kikamilifu.

Kuna pia kazi ya -nge-, ambayo darasani huifundisha kwa mifano ya matajiri na magari. "Kama 3 ingewekwa hapa, 8 isingepata chumba katika kisanduku hiki, kwa hivyo 3 haiwezi kuwa hapa." Hiyo ni hoja kamili. Wahadhiri wanaolalamika kuwa insha za wanafunzi hazina mtiririko wa hoja wangeweza kuijaribu kwa dakika kumi.

Zoezi hili lifanywe na wanafunzi wawili wawili: mmoja ashike kalamu, mwenzake aulize "kwa nini?" kila chumba kinapojazwa. Safu moja imebakiwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kinakubali 1 au 6; cha pili, 1 au 6; cha tatu, 1, 6 au 8. Jazeni cha tatu, kisha mwandike sababu kwa sentensi mbili zisizokuwa na neno "huenda".