ELIMU YA MAZINGIRA: FUNZO LA CHURA WA KIHANSI

Chura wa Kihansi aliyekomaa hazidi sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengi, bali huzaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, kwenye eneo dogo lililoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Hajapata kuonekana kwingine duniani.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo ya kufua umeme wa megawati 180, na manyunyu yakapungua mno. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Juni 2003 waliobaki walikadiriwa kuzidi 17,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu kwisha, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka porini.

Sababu zinazotajwa

Kwanza, kupungua kwa manyunyu kulibadili unyevu na mimea ya korongo. Pili, vyura waliokufa walikutwa na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi. Nayo ngozi ndiyo chura huitumia kupata maji na sehemu ya hewa. Kuvu hao huweza kusafirishwa na matope ya viatu na vifaa. Tatu, bwawa lilipofunguliwa mwaka 2003 kuondoa tope, ilishukiwa kuwa mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya juu yalifika korongoni. Yaelekea sababu hizo zilisaidiana: kiumbe aliyekwisha kudhoofika hashindi maradhi.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Hata hivyo, kuvu bado ni tishio, na kurejesha kumekuwa kazi ndefu kuliko kuhifadhi.

Wajibu wa mwananchi

Kinachotupwa mtoni juu ya mlima humfikia aliye bondeni, awe chura au mtu achotaye maji ya kunywa. Kwa hiyo wakazi wanakumbushwa:

1. Kutolima wala kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyoelekeza.

2. Kutosafisha mabomba ya kupulizia dawa wala kutupa makopo yake mtoni.

3. Kusafisha viatu na vifaa kabla ya kuingia kwenye maeneo yenye vyura adimu.

4. Kutoa taarifa ofisi ya kata waonapo vyura au samaki wengi wamekufa.