Pambo la Mlango Lenye Rangi za Kakao

Ulaya na Marekani ya Kaskazini, majani ya miti yanapogeuka rangi kati ya Septemba na Novemba, watu hutundika mlangoni duara la majani ya felti: mekundu, ya njano, ya rangi ya chungwa. Hapa Ngonga, Kyela, hatuna msimu huo, lakini rangi zenyewe tunazo. Ingia shamba la kakao uangalie. Jani changa huchomoza na wekundu wa kahawia kabla halijawa kijani, na tunda la kijani huiva likawa njano. Tunda la aina nyingine hutoka kwenye rangi ya damu ya mzee likaishia kwenye chungwa. Kisha kuna mpunga uliokomaa, Mei na Juni. Sioni haja ya kuiga jani la mti ambao hakuna jirani yako aliyewahi kuuona.

Felti ni sufu ambayo nyuzi zake zimeshikamana kwa joto, maji na msuguano, na ndiyo maana ukiikata kwa mkasi haifumuki. Huhitaji kuiagiza. Nenda kwenye mitumba utafute sweta kuukuu za rangi unazotaka; ukipanda Tukuyu, kwenye baridi, utachagua zaidi. Lebo ya ndani iwe na neno "wool", kwa asilimia 80 au zaidi. Kama lebo imetoka, chomoa uzi mmoja uuchome: sufu hunuka nywele zinazoungua na huacha majivu yanayopondeka, wakati uzi wa plastiki huyeyuka ukaganda donge gumu. Huo wa plastiki hautashikamana hata ukiusugua hadi jioni. Epuka pia sweta ya sufu iliyotengenezwa maalumu kwa kufuliwa na mashine.

Weka sweta kwenye beseni la maji ya moto, kadiri mikono inavyovumilia, pamoja na sabuni ya mche. Sugua kwa nguvu kwenye ubao, itie kwenye maji baridi, irudishe kwenye ya moto, sugua tena. Usikate tamaa mapema. Itasinyaa, itakuwa nzito, na mistari ya ufumaji itaanza kupotea. Ikishapotea kabisa, suuza, kamua, itandaze kivulini ikauke. Kama umepata sweta nyeupe tu, manjano ya jikoni hutia rangi ya kupendeza, ila jua huipausha haraka.

Duara litoke kwenye mwanzi, mmea uliojenga nyumba za Wanyakyusa vizazi na vizazi. Chagua uliokomaa, kwa sababu mchanga huliwa upesi na fukusi. Uchane fito nyembamba, ziloweke usiku kucha, zikunje duara la sentimita 30, uzungushe mara mbili na kufunga kwa kamba ya mgomba. Waya nao unafaa, lakini kwa unyevu wa Kyela utapata kutu, na kutu huchafua kitambaa na mlango pia.

Chora jani kwenye kipande cha boksi, urefu wa sentimita 8 na upana wa 4, ulitumie kama kipimo. Kata majani kama 70. Yashone matatu matatu kwenye duara, kila fungu lifunike shina la fungu lililotangulia, kila baada ya sentimita 4. Changanya rangi bila mpangilio. Ukipanga njano, nyekundu, njano, nyekundu, litaonekana kama bendera. Mwisho shona matunda mawili matatu ya kakao, yajaze sufi au pamba, uyatie mifereji kwa kuvuta uzi kutoka ncha hadi ncha.

Tumia sindano na uzi imara, si gundi ya moto. Mlango wa bati unaopigwa na jua la mchana huilegeza, na majani yataanza kudondoka moja moja. Masuke halisi ya mpunga nayo acha: kuku watayarukia mchana, na usiku ni zamu ya panya. Kata masuke ya felti ya njano.

Kwetu duara la maua watu wamelizoea makaburini. Mgeni akiona duara jeupe au la zambarau mlangoni kwako, anaweza kuingia akitoa pole. Kwa hiyo njano na chungwa zitawale, na matunda ya kakao yaonekane waziwazi kuanzia barabarani.

Litundike chini ya baraza, mahali mvua haifiki. Masika ikikaza, liingize ndani, ulihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na majani makavu ya mwarobaini, maana nondo hupenda sufu. Likichafuka, lifue kwa maji baridi. Ya moto yatalisinyaza upya.