Nunua Ala Kwanza, Kisu Baadaye

Khukuri yangu ya kwanza iliota kutu ndani ya ala yake yenyewe. Niliitundika ukutani Tanga, nikaisahau masika nzima, na nilipoichomoa bapa lilikuwa limejaa madoa ya kahawia kama ganda la ndizi iliyoiva mno. Kosa lilikuwa langu. Ngozi hunywa unyevu wa pwani ikautunza, tena dawa zilizotumika kuilainisha haziishi humo, basi chuma kinatafunwa polepole huku mwenyewe ukijisifu kwamba umekihifadhi vizuri.

Khukuri ni kisu cha Nepal kilichopinda kuelekea mbele, kipana tumboni, chepesi mkononi kuliko unavyokidhania ukikiona. Vijijini kwao ni kifaa cha kila siku: kinapasua kuni, kinafyeka kichaka, kinakata vitunguu, na sikukuu ya Dashain ikifika kinachinja. Yule muuzaji atakayekuambia kwamba kisu hiki hakirudi alani mpaka kimeonja damu, mwache amalize hadithi yake, kisha muulize wapikaji wa Nepal wangebakiwa na vidole vingapi.

Kinachonivuta mimi ni kwamba kitu kimoja hiki kimepita mikononi mwa mafundi wawili au watatu. Bapa ni kazi ya mhunzi wa jamii ya Kami, naye mara nyingi hulifua kutoka springi ya lori lililochakaa, chuma kilekile ambacho wahunzi wetu hukigeuza panga na sime. Ala, wenyewe huiita dap, ni ya Sarki, fundi wa ngozi. Huchonga vipande viwili vya mbao vikafuata mkunjo wa kisu, akavivika ngozi ya nyati maji ingali na unyevu, akashona, nayo ikikauka inabana. Ukiona ala iliyonakshiwa kwa fedha, ile ya kothimora, ujue ameingia na Sunar, ambaye jina lake ni ndugu wa neno letu sonara. Na kwa kuwa mhunzi anapima kwa jicho, visu viwili havilingani kabisa. Ala ya hiki haikikubali kile.

Ndiyo maana dukani naanza na ala. Ishike upande wa mgongo wa kisu, vidole visizungukie upande wa makali kamwe, maana kisu kikali kinaweza kupasua mshono wakati wa kukichomoa, na kitakachofuata baada ya mshono ni nyama yako. Vuta taratibu, mgongo wa kisu ukisugua mgongo wa ala. Kirudishe, kisha uitikise ala karibu na sikio. Ikigongagonga ndani, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeletewa ala ya kuazima. Ipindue juu ya kitu laini: kisu kisidondoke, lakini pia usihitaji kupigana nacho ili kitoke. Kagua mshono nyuma, kisha kifuniko cha chuma kwenye ncha, ambacho kwenye ala za haraka haraka hubandikwa tu na kung'oka mwezi wa pili.

Ala ikikuridhisha, geukia bapa. Wahunzi hawa hawazamishi kisu chote majini. Hukipasha moto, kisha humimina maji kwa birika kwenye makali peke yake, hasa pale tumboni panapopiga kazi. Makali huwa magumu, mgongo ukabaki mlaini wa kustahimili kishindo. Mwombe muuzaji ruhusa ujaribu kwa tupa ndogo: tumboni iteleze kama juu ya kioo, mgongoni iume. Ikiuma kote, una pambo. Halafu tazama makali yote dhidi ya mwanga na uyapitishie ukucha kwa uangalifu, kwa sababu yale maji ya birika wakati mwingine huacha ufa mwembamba, na ufa hauna dawa.

Karibu na mpini kuna kipengo kidogo kilichochongwa kwenye makali, kaudi. Utaambiwa ni kwato ya ng'ombe, ni mkuki wa Shiva wenye ncha tatu, ni cha kuzuia damu isifike mkononi. Chagua tafsiri unayoipenda. Mimi naangalia kama kimechongwa kwa utulivu, kwa kuwa fundi aliyeharakisha hapo aliharakisha na kwingine.

Mpini huwa wa pembe ya nyati maji au wa sisau, mti wa jenasi moja na mpingo wetu. Ndani, mkia wa bapa umeshikwa na laha, gundi ya utomvu inayonikumbusha lakiri ya kufungia bahasha. Nayo kama lakiri, joto huilegeza. Usiache khukuri ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala usiioshe kwa maji ya moto. Pembe nayo hupasuka ikikauka sana. Tone la mafuta mara kwa mara huisaidia.

Usinunue visu kumi vinavyofanana. Miundo hutofautiana: ule wa Sirupate ni mwembamba, umepewa jina la jani la nyasi ya siru. Bhojpure, wa wilaya ya Bhojpur mashariki mwa Nepal, una tumbo nene la kazi, na kama ningeruhusiwa mmoja tu ningechukua huo. Wenye mpini wa kichwa cha simba na bapa linalong'aa kama kioo waachie watalii.

Visu vya zamani vina raha yake. Mwaka 2003 shehena kubwa ya silaha kuukuu ilinunuliwa kutoka ghala la Lagan Silekhana huko Kathmandu, na khukuri zake bado zinazunguka mikononi mwa wakusanyaji. Ukipata ya namna hiyo, grisi iliyoganda itoe kwa mafuta ya taa na kitambaa. Msasa usiukaribie, utafuta herufi zilizogongwa mgongoni, na herufi hizo ndizo ulizolipia. Sisi wa Tanga tuna sababu nyingine ya kuzitazama: Novemba 1914, katika jeshi la Waingereza lililoshindwa hapa na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, walikuwamo Wagurkha, askari wenye asili ya Nepal, wa kikosi cha Kashmir Rifles.

Nyumbani, kilaze kisu nje ya ala. Kipake mafuta ya cherehani, kizungushie kitambaa cha pamba kikavu, ala ilale pembeni yake. Mafuta ya nazi hapana. Yanaweza kuchacha. Ngozi ya ala ipewe nta ya nyuki kidogo, isilowekwe mafuta, maana ikilainika ule mbano alioufanyia kazi Sarki umekwenda. Ukigusa bapa kwa vidole, lifute siku hiyohiyo.

Walio Doha au Dubai wana njia fupi ya kupata khukuri: wafanyakazi wenzao Wanepali huenda likizo na wanajua mhunzi wa kwao. Uliza kwanza sheria za forodha za pande zote mbili, na kisu kisafiri kwenye mzigo wa chini ya ndege, si mkobani.

Kabla ya kulipa, chungulia nyuma ya ala. Pana vijumba viwili, na vyote viwe na mwenyewe: karda, kisu kidogo cha kazi ndogondogo, na chakmak, butu kwa makusudi, cha kunyooshea makali na kugongea jiwe la moto. Kwetu karda ndiyo inayomenya maembe. Chakmak imeshanolewa mara mbili na wageni wenye huruma.