Kobe wa majini na barabara ya Kakola: tunawahesabuje?

Vijana, mvua zikianza kobe wa majini wanatoka kwenye matope walikojifukia kiangazi, wanatafuta madimbwi. Kwenye barabara ya Kahama–Kakola wanagongwa, hata majike wanaokwenda kutaga. Kobe huchelewa kukomaa, kwa hiyo pengo halizibiki haraka.

Watafiti wenye kibali huwahesabu hivi: wanakamata 20, wanaweka alama kwenye gamba, wanaachia. Wakirudi wakakamata 20, na 5 wana alama, lambo lina kama 80 (20 × 20 ÷ 5).

Wewe usikamate. Andika tarehe, mahali na idadi uliyoona, hasa asubuhi baada ya mvua. Daftari hilo litaonyesha kalavati linahitajika wapi. Tena usiwaue: wanakula mizoga, wanasafisha lambo lako.